Mikonge Inayotembea

Kila nikimkumbuka Mwalimu, huja akiwa amesimama kwenye mikonge, mwavuli mweusi umefunguliwa juu ya kichwa, na hakuna mvua. Wala jua si kali. Ni ile asubuhi ya kwetu Bukhayo ambapo ukungu haujaamua kama utaondoka au utabaki, na malori ya barabara ya Busia yananguruma kwa mbali, chini kwa chini. Anatazama ardhi kwa macho ya mtu anayesoma. Huwa namwota hivyo hivyo pia, na kinachoniudhi ni kwamba hata ndotoni huwa amekanyaga udongo wetu.

Au niseme udongo uliokuwa na kesi. Kati ya shamba letu na lake palikuwa na kipande ambacho hakikuwa cha mtu. Upana wake ulitosha kugeuza ng'ombe wa jembe, basi. Upande wake palikuwa na safu ya mikonge, upande wetu safu nyingine, na kila upande ulidai kwamba safu ya mwenzake ndiyo mpaka wa kweli. Mkonge, kwa asiyeujua, huzaa. Vichipukizi hutokeza ardhini kando ya mama yao, na ukiving'oa vya upande mmoja ukaviacha vya upande wa pili, baada ya miaka safu nzima imehama bila mtu kuonekana na jembe. Mama yangu alisema mikonge ya Mwalimu inatembea kuja kwetu. Mwalimu alisema ya Mama ndiyo inayotembea. Chifu wa zamani, aliyechoshwa na wote wawili, akaamua kwamba mpaka kesi iishe hakuna wa kulima pale, hakuna wa kujenga, hakuna wa kulisha hata mbuzi. Kesi haikuisha.

Sisi watoto tulipaita Katikati. Nyasi zilikuwa ndefu kutuzidi, mipera iliota bila kupandwa, vipepeo walikaa juu ya majani kana kwamba wamelipia kodi. Wakubwa walipita kando wakinyamazisha sauti zao. Mpaka leo nikiwa ofisini, kelele zikizidi, hujirudisha pale kwa mawazo nikalala chali, nikasikia nyasi zikisugua nyasi. Mahali penye ugomvi mkubwa kuliko wote kijijini ndipo palipokuwa na utulivu kuliko kote.

Mama hakuwahi kumtaja Mwalimu kwa jina wala kwa cheo. Alikuwa "huyo mtu". Huyo mtu ameamka. Huyo mtu amepita na mwavuli wake. Kila asubuhi alipita kweli, polepole, katikati ya Katikati, bila hodi, kuonyesha kwamba mwenye mali hapigi hodi kwake.

Alitufundisha Historia na Serikali. Alikuwa na tabia moja ambayo watu wa Busia waliigeuza mzaha: aliposema habari za nchi alisema "sisi", lakini si kwa namna ya mwanasiasa. Alisema kama mtu anayehesabu madeni ya nyumba yake. Tulitia sahihi mkataba wa wakimbizi. Tulitia sahihi mkataba dhidi ya mateso. Tulikubali, tuliahidi, tulisema. Neno "tulisema" alilikazia mpaka ukajiona wewe mwenyewe ulikuwa umekaa kwenye meza ile ndefu huko mbali, maji baridi mbele yako, unasema.

Kulikuwa na muuza nyama mjini aliyempenda kwa kumchokoza.

"Sasa Mwalimu, siku hiyo mnatia sahihi, wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hapa, napalilia mahindi."

"Na kalamu ilikuwa na nani?"

"Na yule tulituma. Ukituma mtu soko akuletee chumvi, si hiyo chumvi ni yako?"

"Na kama sikumtuma chumvi?"

"Umeshaipika, boss. Umekula. Sasa unakataa aje?"

Watu walicheka, na yeye alicheka pia, lakini akiondoka alikuwa bado anatikisa kichwa. Hakuelewa jinsi mtu anavyoweza kula chumvi ya nyumba halafu aseme haimhusu.

Mwaka mmoja alitupeleka Malaba kutazama mpaka wa nchi. Tulipanda lori la shule tukiimba njia nzima, na tulipofika darajani tukanyamaza, maana malori yalikuwa yamepangana hata mwisho wake hauonekani, na madereva walikuwa wamelala chini ya magurudumu kwa amani ya ajabu. Mwalimu alitupanga kwenye ukingo.

"Nionyesheni mpaka," alisema.

Mmoja akaonyesha lango. Mwingine akaonyesha bendera. Mvulana mmoja wa Kiteso, ambaye kwao ni jirani na hapo, akaonyesha mto akicheka. "Mwalimu, shangazi yangu anakaa ng'ambo ile. Sisi huvuka hapo chini tu, kila siku."

"Vizuri. Basi mtu akivuka hapo chini akikimbia kuuawa, anafika kwa nani?"

"Kwa polisi?"

"Kwetu. Anafika kwetu. Na akishafika hatuwezi kumwambia arudi akauawe. Si kwa sababu sisi ni wazuri sana. Ni kwa sababu tulisema hatutamrudisha. Hakuna mtu alitushika mkono. Tulisema wenyewe."

Nilikuwa natazama maji. Jerikani la njano lilikuwa linaelea, likaenda upande wa kule, likarudi upande wetu, likazunguka bila haraka yoyote. Sijui kwa nini nilitaka kulia. Nilikuwa msichana wa shule mwenye njaa, labda ni njaa tu, lakini neno "kwetu" lilinikaa kifuani njia nzima ya kurudi.

Msije mkadhani nachora malaika. Mwalimu alikuwa mchoyo. Toroli lake lililala limefungwa mnyororo kwenye mti wa avokado, na hata kwenye matanga, watu wanapokusanya vitu vya majirani vyote, hilo halikutoka. Wageni aliwakaribisha barazani. Sebule yake niliiona mara ya kwanza nikiwa nimeshaanza kazi. Alifundisha haki za mtoto akiwa na kiboko mkononi. Siku moja msichana wa dawati la mbele alinyoosha kidole akauliza, "Na hicho, Mwalimu?" Akakitazama kiboko muda mrefu, akakilaza mezani taratibu. Kesho yake akaja bila hicho. Baadaye kikarudi, tukaogopa, kumbe alikuwa amekipa kazi nyingine: kufungulia madirisha ya juu. Hakutuomba radhi. Lakini hatukuchapwa tena, na madirisha yale yalifunguliwa kila siku hata kwenye baridi.

Ukimwambia neno "nilikosea" angekutazama kana kwamba umesema kwa lugha asiyoijua. Alipokosea tarehe ubaoni alisema chaki imeteleza. Kwa hiyo mnielewe ninaposimulia ya yule mwanamke, kwamba mtu ninayemsema ni huyu huyu: mwenye toroli la mnyororo, mwenye kupita shambani mwa watu bila hodi.

Nilikuwa tayari nafanya kazi Malaba, kwa wakala wa forodha, kupitisha makaratasi ya malori. Karibu na maegesho palikuwa na kibanda cha chai, na mwanamke aliyekaanga mandazi pale hakuwa wa upande wetu wala wa upande wa pili. Alitoka nchi ya mbali zaidi, na Kiswahili chake kilikuwa na mwendo mwingine, laini. Mwalimu alikuwa amestaafu, na alipenda kuja Malaba kusoma gazeti la bure na kutazama daraja. Ndiye aliyemuuliza siku moja, mimi nikiwa benchi hilo hilo, kilichomleta.

"Walimchukua mume wangu," alisema huku akigeuza mandazi. "Halafu walirudi kuniuliza mume wangu yuko wapi. Ni wao walimchukua. Hapo ndipo nilijua natakiwa kuondoka."

Alikuwa ameomba hifadhi na amesajiliwa, anasubiri kuitwa asikilizwe. Lakini mwenye kusubiri alitakiwa awe na mahali panapojulikana na mwenyeji wa kumpokea, na yeye alikuwa analala nyuma ya kibanda. Tulikuwa tukisikia habari za watu wa namna hiyo kukutwa na msako na kusukumwa langoni warudi walikotoka. Yeye akirudi, kilichokuwa kinamsubiri hakikuhitaji kuelezwa. Mwalimu alikunja gazeti.

"Njoo Bukhayo," alisema. "Niko na mahali."

Mahali penyewe palikuwa Katikati.

Ndiyo. Alikuwa na nyumba yenye vyumba, na kimoja walilala kuku. Lakini alimjengea kibanda cha udongo na mabati pale pale ambapo chifu wa zamani alikataza hata mbuzi. Nilipomuuliza kwa nini asimpe chumba, alisema mke wake hataki. Mke wake, nilipomuuliza, alisema hajaulizwa.

Mama alisimama mlangoni akaona mabati yanang'aa. "Umeona?" aliniambia. "Mikonge imemshinda. Sasa anapanda watu." Kabla chai haijachemka alikuwa ameshavaa viatu, akaenda kwa chifu kushtaki kwamba kuna mtu amekalishwa kwenye ardhi ya kesi. Kijiji kizima kilifikiri kama yeye. Ukiishi kwetu vya kutosha, kila kitu unakisoma kwa lugha ya mpaka wa shamba. Mwanamke yule, na yote aliyoyapitia, kwetu alikuwa kigingi tu kilichopigwa na Mwalimu.

Sijui hata leo kama hawakuwa na haki. Nimemwaza sana Mwalimu, na nadhani yote mawili yalikuwemo moyoni mwake kwa pamoja: kumwokoa mtu, na kumkomoa Mama.

Zilipita siku nyingi bila chifu kutokea. Mwanamke alifyeka nyasi kiasi cha kupata uwanja, akaiacha mipera, akapanda malenge. Asubuhi moshi wake ulilala juu ya nyasi na ukungu, huwezi kujua kipi ni kipi. Alikuwa na wimbo wa kwao wa kutwangia, nasi tukaanza kuamka nao. Mama alichungulia kupitia mikonge akijifanya anaanua nguo. Siku moja nilimkuta anafunika bakuli la mrenda. Akanipa nipeleke, akasema, "Usimwambie nani ametuma." Kana kwamba kulikuwa na majirani wengine.

Kisha chifu akaja. Alikuwa kijana, mgeni kazini, na alifuatana na watu wawili kutoka ofisi fulani ya mjini.

"Mama, wewe ndio ulileta malalamiko," alisema. "Sawa. Amri iko vile ilikuwa. Hapa hakuna mtu anakaa mpaka kesi iishe. Huyu atoke."

"Atoke aende wapi?" niliuliza.

Mmoja wa wale wa mjini akajibu bila ubaya, kama mtu anayetaja bei. "Madam, huyu akitoka hapa hana mahali, hana mwenyeji. Tunampeleka Malaba, avuke, arudi kwao."

Mwanamke hakulia. Alikwenda kwenye kamba akaanza kuanua nguo zake, akikunja moja moja kwa uangalifu, kana kwamba kilichokuja ni mvua. Nilimwona Mama anamtazama. Uso wa Mama ulikuwa umebadilika rangi.

"Mimi sikusema apelekwe kwao," alisema. "Nilisema atoke kwa shamba."

"Mama, hiyo ni kitu moja."

Hapo ndipo Mwalimu alipotokea kwenye mikonge yake, mwavuli juu. Alianza kama darasani. Akataja mkataba, akataja sheria yetu wenyewe, akataja katiba, akasema mtu anayesubiri kusikilizwa harudishwi, na kwamba tulisema wenyewe. Wale wa mjini walimsikiliza kwa heshima mpaka mwisho.

"Mwalimu, hayo tunajua," mmoja alisema. "Sisi tunauliza kitu kidogo tu. Mwenyeji wake ni nani?"

"Ni mimi."

"Na hii shamba ni yako?"

"Ni yangu."

"Si yake!" Mama akasema. Lilimtoka tu. Miaka yote hiyo ya kulisema, lilikuwa limeshazoea njia. Akaziba mdomo kwa leso, lakini lilikuwa limeshasikika.

Chifu akashusha mabega. "Basi kesi bado iko. Atoke."

Nguo za mwanamke zilikuwa zimeisha kwenye kamba. Alikuwa amezikumbatia, anatazama njia. Niliogopa, nasema kweli. Niliona daraja la Malaba, nikaliona lile jerikani likizunguka majini, na nikajua kwamba watu wazima wote waliosimama pale, pamoja na mimi, tungeweza kwenda kunywa chai baada ya hapo na maisha yakaendelea.

Mwalimu akafunga mwavuli. Sikuwahi kumwona akiufunga nje ya nyumba. Bila huo alionekana mfupi.

"Chifu," alisema, "kesi imeisha. Hii shamba ni ya huyu mama. Mpaka ni mikonge yangu, si yake. Mimi nilikosea."

Kuku wake walisikika kutoka kwenye kile chumba chao.

"Ulikosea tangu lini, Mwalimu?" chifu aliuliza.

"Tangu mwanzo."

Chifu akamgeukia Mama. "Umesikia, mama. Hii kipande ni yako. Sasa huyu mtu kwa shamba yako, ni mgeni wako ama tumtoe?"

Mama aliitazama mikonge ya upande ule, akaitazama ya upande huu. Alikuwa ameshinda, na alikuwa na uso wa mtu aliyeibiwa.

"Ni mgeni wangu," alisema. "Na mmemkatiza asubuhi yake bure. Hata chai hajakunywa."

Wale wa mjini walishauriana kidogo, wakaandika jina la Mama kama mwenyeji, wakaondoka na chifu. Mwanamke alirudisha nguo kwenye kamba moja moja, na zilikuwa zimeshakauka. Mwalimu alikuwa ameondoka kabla ya mtu kumshukuru.

Jioni Mama alikaa jikoni akipepeta mtama ambao ulikuwa safi tayari. "Sikushinda," aliniambia. "Nimeachiwa. Unaelewa tofauti yake?" Nilimwambia naelewa. Mwaka wote ule hakuacha kukasirika, na hakulima hata shimo moja Katikati.

Mgeni wake aliitwa, akasikilizwa, akakubaliwa. Sasa yuko Bumala, anauza samaki wanaotoka Port Victoria, na sauti yake imeshakuwa ya soko, ukimpunja atakutangaza. Kila sikukuu huja na samaki wawili, mmoja wa Mama na mmoja wa Mwalimu. Kibanda kimeanguka. Malenge bado huota yenyewe kila mvua, yakatambaa juu ya mabati. Mama hataki paguswe. "Akija mwingine je?" huniambia. "Atalala wapi?"

Mwalimu aliacha kupita asubuhi. Tukikutana njiani alisalimia "mulembe", akauliza habari za malori, akaendelea. Wala hakuwa mwema zaidi. Toroli lilibaki na mnyororo wake. Nilidhani basi, amekwisha, amemaliza alichokuwa nacho.

Mara ya mwisho kukaa naye ilikuwa msimu wa mvua hizi zilizopita, Jumamosi niliyokuja nyumbani. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka magotini. Niliona mwavuli mweusi umesimama peke yake chini, umefunguliwa, na nikasogea nikiwa na wasiwasi. Chini ya mwavuli alikuwa Mwalimu amepiga magoti kwenye mikonge yake, macho yamefifia, anapapasa udongo kwa vidole. Alikuwa anang'oa vichipukizi, vya upande wetu.

"Mwalimu, unafanya nini kwa hii baridi?"

"Nazuia zisitembee," alisema. "Hufanya hivi kila mvua."

Nikachuchumaa. Mikono yake ilikuwa imechanwa na miiba. Nilikuwa na swali nililolibeba muda mrefu, na nikaona nisipolitoa leo nitalibeba milele.

"Hii kipande ilikuwa yako?"

"Ilikuwa yangu," alisema, bila hata kufikiri. "Baba alinionyesha jiwe la mpaka. Liko pale chini ya mikonge ya mama yako. Ukichimba utalipata."

"Sasa mbona siku ile hukuwaonyesha jiwe?"

"Wangeanza kuchimba. Yeye angekuwa wapi wakichimba?"

Alipata kichipukizi kingine, akakivuta, akakitupa upande wake.

"Na sasa?" nilisema. "Amepata makaratasi yake, ako Bumala, hakuna mtu anakuja kupima. Ukiacha hizi zizae, nani atajua?"

"Hakuna."

"Basi?"

"Nilisema mpaka ni hapa." Akapapasa udongo tena. "Hakuna mtu alinishika mkono."

Kulikuwa na kichipukizi kimoja kilichotokea mbali, ndani kabisa upande wetu, karibu na malenge. Alikiona kabla yangu, kwa macho yake yale. Aliinuka kwa shida akinishika bega, akachukua mwavuli, akafika kwenye ukingo wa safu, na pale akasimama. Nikadhani amechoka.

"Hodi," alisema.

Sikuelewa. Akarudia kwa sauti ya darasani, sauti ya kufika mpaka madawati ya nyuma. "Hodi!"

Mlango wetu wa jikoni ukalia. "Nani huyo?" Mama aliuliza kutoka ndani ya ukungu.

"Ni mimi. Jirani. Naomba kupita."

Nilisikia malori ya Busia, na tone la maji likianguka kwenye mabati ya kibanda.

"Karibu, Mwalimu," Mama akasema.

Akafunga mwavuli, akavuka.